TFTP Kwenye Swichi Imegoma: Kutoka Dalili Hadi Chanzo

Umeandika amri ya kunakili faili, swichi imechapa nukta chache, kisha ikaandika `%Error opening tftp://10.10.10.5/jaribu.txt (Timed out)`. Hapo wengi huanza kubahatisha: faiwoli inazimwa, programu ya seva inabadilishwa, kebo inahamishwa poti, swichi inazimwa na kuwashwa. Mambo yakikubali, hakuna anayejua ni lipi kati ya yote hayo lililosaidia, na tatizo likirudi kazi inaanza upya. Mateso hayo hayana sababu. TFTP, itifaki ya kuhamisha faili kupitia mtandao, ni ndogo kuliko karibu zote unazokutana nazo kwenye kazi ya mitandao, na udogo huo unakusaidia: sehemu zinazoweza kuharibika ni chache, na kila moja ina dalili yake ukijua pa kuangalia.

Mifano ya amri hapa ni ya swichi za Cisco zenye IOS, mfumo endeshi wa Cisco. Seva ni Linux yenye tftpd-hpa, au Windows yenye Tftpd64. Kwa watengenezaji wengine amri hubadilika, mathalani kwenye HP ProCurve ungeandika `copy startup-config tftp 10.10.10.5 sw1.cfg`, lakini kinachopita kwenye waya ni kilekile. Swichi yetu ni 10.10.10.2, seva ni 10.10.10.5, lango ni 10.10.10.1.

## Mambo yakiwa sawa yanakwendaje

Toleo linalotumika leo liliandikwa kwenye RFC 1350 mwaka 1992. Hakuna jina la mtumiaji wala nywila, hakuna kuorodhesha folda, hakuna kufuta. Ni kusoma faili na kuandika faili, basi. Swichi inatuma ombi kwenye poti 69 ya UDP ya seva (hapa poti ni namba ya mlango wa programu, si tundu la kebo). Seva inaikata faili vipande vya baiti 512, inatuma kimoja, inasubiri uthibitisho kwamba kimepokelewa, ndipo inatuma kinachofuata. Kipande chenye baiti pungufu ya 512 ndicho kinachoiambia swichi kwamba faili imekwisha. Ukubwa wa faili ukigawanyika kwa 512 bila baki, seva inatuma kipande kitupu mwishoni.

Jambo moja hapa linasumbua watu kuliko mengine yote. Poti 69 inapokea ombi la kwanza tu. Seva inapojibu, inachagua namba nyingine ya poti, na mazungumzo yote yaliyobaki yanapita huko. Ni sawa na kubisha mlango wa mbele ukajibiwa kupitia dirisha la uani. Anayejua hili anaelewa kwa nini kufungua poti 69 kwenye faiwoli mara nyingi hakutoshi, na kwa nini kunasa pakiti za poti 69 peke yake kunamwonyesha mstari mmoja kisha ukimya.

Hivi ndivyo tcpdump, programu ya kunasa pakiti, inavyoonyesha uhamishaji mzima wa afya ukianza:

```
tcpdump -ni eth0 host 10.10.10.2 and udp

10.10.10.2.51234 > 10.10.10.5.69: TFTP, length 19, RRQ "jaribu.txt" octet
10.10.10.5.40917 > 10.10.10.2.51234: UDP, length 516
10.10.10.2.51234 > 10.10.10.5.40917: UDP, length 4
```

RRQ ni ombi la kusoma faili. Baiti 516 ni 512 za data na 4 za kichwa cha TFTP. Baiti 4 zinazorudi ni uthibitisho. Ukiweza kusoma mistari hiyo mitatu, umeshashika sehemu kubwa ya kazi.

## Swali la kwanza: kimya, au jibu?

Kabla ya kugusa chochote, amua uko upande gani. `Timed out` maana yake ni kimya: swichi imeuliza, hakuna aliyejibu, au aliyejibu hakusikika. Ujumbe kama `No such file or directory` au `Permission denied` ni jibu: ombi limefika kwenye seva, seva imelisoma, ikakataa, na kukataa kwake kumerudi salama. Kwa hiyo ukipata jibu, hata liwe baya namna gani, mtandao wako ni mzima. Acha kebo, acha VLAN (mgawanyo wa swichi moja kuwa mitandao kadhaa), acha faiwoli, nenda kwenye folda ya seva. Ukipata kimya, usiguse ruhusa za faili kwa sababu hakuna aliyezifikia bado.

Fanya majaribio kwa faili ndogo ya maandishi, yenye jina fupi lisilo na nafasi. Ukijaribu kwa faili ya mfumo ya makumi ya megabaiti unachanganya matatizo mawili: la kuunganika na la ukubwa.

## Dalili: kimya, na ping nayo haipiti

Hili ndilo rahisi. Anzia kwenye swichi:

```
ping 10.10.10.5
show ip interface brief
show ip arp 10.10.10.5
```

Tahadhari moja kuhusu ping: Windows ikiuona mtandao kama wa hadhara huwa haijibu ping, kwa hiyo ping kushindwa si ushahidi kamili. Ndiyo maana ya amri ya tatu. Kama seva iko kwenye mtandao mdogo mmoja na swichi, na `show ip arp` inatoa anwani ya MAC, basi kebo na VLAN ziko sawa na kinachozuia kiko ndani ya kompyuta. Ikiandika `Incomplete`, hazijafikiana kabisa.

Zikiwa hazijafikiana, angalia kiolesura cha VLAN chenye anwani ya swichi. Hakiwezi kuwa `up/up` mpaka angalau poti moja ya VLAN hiyo iwe hai. Kosa la kila siku ni kuweka anwani kwenye Vlan10 huku kompyuta imechomekwa kwenye poti iliyobaki VLAN 1. Taa inawaka kijani, kila kitu kinaonekana kizima, na hakuna kinachopita. `show vlan brief` itakuonyesha poti iko wapi.

Kama seva iko mtandao mwingine, swichi inahitaji lango. Kwenye swichi isiyofanya kazi ya ruta unaandika `ip default-gateway 10.10.10.1`. Lakini `ip routing` ikiwa imewashwa, mstari huo hauzingatiwi hata kama unausoma kwenye mipangilio. Hapo unahitaji `ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 10.10.10.1`. Na usisahau upande wa pili: seva nayo lazima ijue njia ya kurudi.

Dalili nyingine ya hapahapa ni ping inayoshindwa mara tu unapochomeka kebo, kisha inapita baadaye bila wewe kufanya lolote. Hiyo ni STP, itifaki inayozuia data isizunguke bila mwisho kati ya swichi. Kwa STP ya zamani, poti inakaa sekunde 15 ikisikiliza na 15 nyingine ikijifunza kabla ya kupitisha data. Ukituma amri ndani ya sekunde hizo 30, inaweza kuishia kwenye `Timed out`. Kwa poti inayoelekea kwenye kompyuta, `spanning-tree portfast` inaondoa kusubiri huko. Usiiweke kwenye poti inayoelekea swichi nyingine.

## Dalili: ping inapita, TFTP iko kimya

Hapa ndipo muda mwingi hupotea, kwa hiyo tusiharakishe.

Anza na seva yenyewe, bila kuihusisha swichi. Je, huduma inasikiliza?

```
ss -ulnp | grep ':69'
curl tftp://127.0.0.1/jaribu.txt
```

Ya kwanza isipotoa mstari, huduma haijawaka. Angalia `systemctl status tftpd-hpa` na usome sababu. Ikitoa mstari wenye 127.0.0.1:69 tu, seva inajisikiliza yenyewe, na hakuna wa nje atakayeifikia. Ya pili ikikuletea maandishi ya faili, seva ni nzima na tatizo liko kati yake na swichi. Napendelea curl hapa kwa sababu iko kwenye kompyuta nyingi tayari na inaijua TFTP bila nyongeza yoyote.

Kwenye Windows angalia jambo jingine kabla ya yote: programu imejifunga kwenye anwani ipi? Kompyuta mpakato yenye Wi-Fi na kebo kwa pamoja ina anwani mbili. Tftpd64 ina orodha ya kuchagua kiolesura, na ikiwa imechagua ya Wi-Fi, swichi iliyo kwenye kebo itauliza mpaka ichoke. Chagua ya kebo, na kwa muda wa kazi zima Wi-Fi ili jibu lisijaribu kutokea upande usio wake.

Kisha washa tcpdump kwenye seva, au Wireshark kwenye Windows, rudia amri kwenye swichi, na tazama. Kuna picha tatu zinazowezekana, na kila moja inakupeleka mahali tofauti.

Hakuna pakiti yoyote inayofika. Ombi linakufa njiani au halitoki kwenye swichi kama unavyodhani. Kuna ACL (orodha ya kanuni za kuruhusu au kuzuia pakiti) au faiwoli katikati inayozuia UDP 69. Au, na hili ni la kawaida sana kwenye swichi za Cisco Catalyst 3850 na 9300, umetumia poti ya usimamizi ya GigabitEthernet0/0. Poti hiyo iko ndani ya VRF yake, `Mgmt-vrf`, yaani ina jedwali lake la njia lisilochanganyika na la swichi nzima. Unapiga `ping vrf Mgmt-vrf 10.10.10.5`, inapita, unafurahi. Kisha amri ya kunakili inatafuta njia kwenye jedwali la kawaida, haiikuti, na inakwama. Dawa ni kuiambia TFTP itokee wapi:

```
ip tftp source-interface GigabitEthernet0/0
```

Maombi yanafika, seva haijibu. Unaona RRQ ileile ikijirudia kila baada ya sekunde chache. Pakiti zimefika kwenye kadi ya mtandao lakini hazifiki kwenye programu. Tcpdump huziona pakiti kabla faiwoli ya kompyuta hiyohiyo haijazikataa, kwa hiyo kuziona hakumaanishi zimekubaliwa. Kwenye Linux yenye ufw, `ufw allow 69/udp`. Kwenye Windows ruhusu programu yenyewe badala ya namba ya poti, na hakikisha ruhusa inahusu aina ya mtandao uliopo: mara nyingi ruhusa ilitolewa kwa mtandao binafsi, halafu kebo ya swichi, kwa kuwa haina intaneti, Windows ikaihesabu kuwa ya hadhara.

Angalia pia anwani iliyotuma ombi. Swichi yenye VLAN kadhaa hutumia anwani ya kiolesura ambacho pakiti inatokea, na huenda siyo ile uliyoiruhusu kwenye faiwoli. Amri ileile ya `ip tftp source-interface`, safari hii ikiwa na Vlan10, inaifunga kwenye anwani moja inayojulikana. Mimi ningeiweka kwenye kila swichi tangu siku ya kwanza, hata pasipo tatizo.

Maombi yanafika, seva inajibu, lakini swichi inarudia ombi. Unaona kipande cha kwanza cha baiti 516 kikitoka, na hakuna uthibitisho. Hili ndilo lile dirisha la uani. Kati ya seva na swichi kuna faiwoli iliyoona ombi likienda poti 69, sasa inaona pakiti ikirudi kutoka poti 40917, na kwa hesabu zake hayo ni mawasiliano mapya ambayo hakuna aliyeyaomba. Inaitupa. Vilevile kwa NAT, inayobadilisha anwani za pakiti njiani: haina kumbukumbu ya poti hiyo, kwa hiyo haijui impelekee nani.

Namna ya kutibu inategemea aina ya faiwoli. Inayofuatilia mawasiliano inahitaji kufundishwa TFTP: kwenye ruta ya Linux ni moduli `nf_conntrack_tftp`, kwenye Cisco ASA ni `inspect tftp`. Kwenye matoleo mapya ya Linux kupakia moduli peke yake hakutoshi, lazima pia uandike kanuni inayoihusisha na UDP 69. ACL ya kawaida isiyofuatilia chochote haina namna ya kujifunza. Inabidi uruhusu UDP ya poti zote kuanzia 1024 kati ya anwani mbili hizo, na usiiruhusu zaidi ya hapo. Kwa tftpd-hpa kuna njia ya tatu ambayo naiona safi kuliko zote: chaguo la `--port-range` linaibana seva itumie poti za kujibu ndani ya kipimo unachotaja, mathalani `--port-range 50000:50100`, nawe unafungua hizo tu.

## Dalili: seva imejibu, lakini imekataa

Itifaki ina namba chache za makosa, na zinazokutana na watu ni hizi: 1 ni faili haipo, 2 ni ruhusa imekataliwa, 3 ni diski imejaa, 6 ni faili ipo tayari. Namba 0 ni kosa lisilo na jina, na hapo unasoma maneno yanayoambatana nayo. Swichi huyaandika kwa maneno yake, ila kwenye logi ya seva (`journalctl -u tftpd-hpa`, ukiongeza `--verbose` kwenye chaguo) utapata habari kamili.

*Faili haipo*, nawe unaiona kwa macho yako. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni tofauti, hivyo `Jaribu.txt` si `jaribu.txt`. Kwenye Windows viambishi vya majina hufichwa, na faili unayoiona kama `sw1.cfg` kwa kweli ni `sw1.cfg.txt`. Sababu ya tatu ni njia ya folda: tftpd-hpa ikiwa na `--secure`, folda `/srv/tftp` inageuka kuwa mzizi. Ukiandika `tftp://10.10.10.5//srv/tftp/jaribu.txt`, seva inaenda kutafuta `/srv/tftp/srv/tftp/jaribu.txt`. Andika jina la faili peke yake.

*Ruhusa imekataliwa* wakati wa kusoma: tftpd-hpa inatoa faili ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma. `chmod o+r` kwenye faili, na hakikisha folda zilizo juu yake zinapitika.

Wakati wa kuandika, yaani unapohifadhi mipangilio ya swichi kwenye seva, kuna mshangao unaowapata karibu wote wanaoanza. Kwa kawaida tftpd-hpa haiumbi faili mpya. Inaandika juu ya faili iliyopo tayari, na iwe inaandikika na kila mtu. Kwa hiyo ama uitengeneze kwanza:

```
touch /srv/tftp/sw1-confg
chmod 666 /srv/tftp/sw1-confg
```

ama uongeze `--create` kwenye `TFTP_OPTIONS` ndani ya `/etc/default/tftpd-hpa`, uipe folda mwenyewe `tftp`, kisha uwashe huduma upya. Ya kwanza inachosha ukiwa na swichi nyingi. Ya pili inamruhusu yeyote anayeufikia mtandao huo kuijaza diski yako, na kumbuka kwamba faili ya mipangilio ina nywila, nyingine zikiwa za aina ya 7 ambazo kuzifumbua ni kazi ya sekunde moja. TFTP haifichi kitu njiani. Itumie ndani ya VLAN ya usimamizi tu, na ukimaliza zima huduma. Kama swichi inaiweza SCP, inayonakili faili kwa kuzificha njiani, hifadhi mipangilio kwa SCP.

Kwenye Red Hat na ndugu zake, ruhusa zote zinaweza kuwa sahihi na bado ukakataliwa. Hapo ni SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux: kuandika kunahitaji folda yenye lebo ya `tftpdir_rw_t`. Usiizime SELinux nzima kwa ajili ya faili moja.

Ujumbe wa `Not enough space on device` hautoki kwenye seva, unahusu flashi ya swichi. `dir flash:` inaonyesha nafasi iliyobaki. Kabla ya kufuta faili ya zamani, soma mstari wa `System image file is` kwenye `show version`, ili usifute ile ambayo swichi inaitegemea kuwaka.

## Dalili: inaanza vizuri, inakwama katikati

Alama za `!` zinaonyesha vipande vinavyopita, nukta ni kusubiri kulikoshindikana. Mstari wa `!` ukikatika, tazama umekatika wapi.

Kama inakwama mahali palepale kila mara, karibu na megabaiti 32, chanzo ni hesabu. Namba ya kipande ina biti 16, kwa hiyo inafika 65535 tu, na 65535 mara 512 ni baiti 33,553,920. Seva nzuri hurudi mwanzo wa namba na kuendelea. Ya zamani husimama. Nyingine, zilizohesabu vibaya kwa namba zenye alama ya hasi na chanya, husimama nusu ya hapo, kwenye megabaiti 16. Badilisha programu ya seva, au ongeza ukubwa wa kipande kama tutakavyoona.

Kama inakwama mahali tofauti kila safari, pakiti zinapotea. Tazama `show interfaces` ya poti husika: hesabu za CRC (pakiti zilizofika zimeharibika) na migongano ya kuchelewa zikipanda, huenda upande mmoja unafanya kazi kwa dupleksi kamili (kutuma na kupokea kwa pamoja) na mwingine nusu. Weka pande zote mbili zijipatanishe zenyewe, kisha badilisha kebo.

Na kama haikwami katikati bali kwenye kipande cha kwanza kabisa baada ya wewe kuongeza ukubwa wa kipande, pakiti zinakatwa vipande njiani na kuna kifaa kinachovitupa. Kwa Ethernet ya baiti 1500, ondoa 20 za IP, 8 za UDP na 4 za TFTP, zinabaki 1468. Usizidishe hapo ukipita kwenye faiwoli.

## Dalili: inafanya kazi, lakini polepole kupita kiasi

Kila kipande kinasubiri uthibitisho wake, kwa hiyo kasi haitegemei upana wa laini bali muda wa pakiti kwenda na kurudi. Laini ikiwa na milisekunde 50, vipande 20 tu vinapita kwa sekunde: baiti 10,240. Faili ya megabaiti 30 itachukua dakika 51, hata kama laini hiyo ni ya gigabiti. Kwa milisekunde 1 ingechukua kama dakika moja.

RFC 2348 iliruhusu pande mbili zikubaliane ukubwa mwingine wa kipande. Kwenye IOS zinazoikubali amri hii:

```
ip tftp blocksize 1468
```

Dakika 51 zinashuka hadi 18. Kwa swichi nyingi za mbali, bora kuweka seva moja karibu nazo, au kutumia itifaki inayopita juu ya TCP.

## Dalili: imefika, lakini siyo yenyewe

Linganisha alama ya MD5 na ile iliyotolewa na mtengenezaji, kila mara, kabla ya kuwasha swichi upya:

```
verify /md5 flash:jina-la-faili.bin
```

Zikitofautiana, shuku hali ya maandishi. TFTP ina hali mbili zinazotumika: `octet`, inayobeba baiti kama zilivyo, na `netascii`, inayobadilisha miisho ya mistari. Swichi hutumia `octet`, lakini amri ya `tftp` kwenye kompyuta mara nyingi huanza na ya maandishi. Kama faili ya mfumo iliwahi kupita huko, imeharibika kabla haijafika kwenye seva. Tumia `-m binary` kwenye Linux, `-i` kwenye Windows.

Kuna pia malalamiko ya mipangilio iliyorejeshwa lakini mistari ya zamani bado ipo. Hapo TFTP haina kosa. `copy tftp: running-config` huchanganya mipya na iliyopo, haifuti. Na kwa kuwa faili iliyohifadhiwa haina mistari ya `no shutdown`, poti iliyokuwa imezimwa itabaki imezimwa. Ukitaka swichi irudi kama ilivyokuwa, nakili kwenye `startup-config` na uiwashe upya, au nakili faili kwenye flashi kisha `configure replace flash:sw1-confg`.

Na VLAN zikikosekana baada ya yote hayo: swichi iliyo seva ya VTP, itifaki ya Cisco ya kusambaza orodha ya VLAN, huziweka kwenye `vlan.dat`, nje ya faili ya mipangilio. Ihifadhi peke yake kwa `copy flash:vlan.dat tftp:`.

## Swichi imebaki bila mfumo

Faili mbovu ikishawekwa na ya zamani ikafutwa, Catalyst 2960 isiyo na poti ya usimamizi ya Ethernet inaishia kwenye alama ya `switch:`. Hapo hakuna TFTP ya kurekebisha. Kuna kebo ya konsoli na Xmodem, itifaki ya kutuma faili kupitia kebo hiyo. Kwa kasi ya kawaida ya 9600, megabaiti 10 ni takriban saa tatu, kwa hiyo panda kwanza:

```
flash_init
set BAUD 115200
copy xmodem: flash:jina-la-faili.bin
boot flash:jina-la-faili.bin
```

Baada ya mstari wa pili skrini itajaa herufi zisizosomeka mpaka ubadilishe kasi kwenye programu yako ya konsoli pia. Nafasi ikiwa haitoshi, `dir flash:` na `delete` zinafanya kazi hapo pia. Kabla ya `boot`, rudisha `set BAUD 9600` na ubadilishe tena programu ya konsoli, la sivyo anayefuata kuchomeka kebo atakuta herufi hizohizo na kudhani swichi imekufa.